Pengwini tunamjua, digidigi je? Uzi wa wanyama na makazi yao, tuanzie hapa Dodoma

Kuni za Mpwapwa

Mbukwenyi wakuu,

Muulize mwanafunzi yeyote wa hapa Dodoma akutajie mnyama aliyeumbika kwa ajili ya mazingira magumu. Atakupa dubu mweupe, pengwini na ngamia, tena kwa mfuatano huohuo. Hakuna atakayekutajia digidigi. Sina ugomvi na pengwini, lakini mkoa huu unapata mvua ya milimita 500 na ushee kwa mwaka, karibu yote inaanguka kati ya Desemba na Aprili, halafu ni vumbi mpaka mwaka ugeuke. Anayeishi porini huku bila bomba wala kisima ana mbinu zake, na mbinu hizo hazipitwi na za kwenye barafu.

Naanza na huyo digidigi. Uzito ni kilo 5 hivi. Ukibahatika kumkaribia, mtazame puani. Pua imerefuka kuliko inavyostahili kwa kichwa kile, na inachezacheza kila upande. Ndani imejaa mishipa midogo ya damu na utando wenye unyevu. Jua likiwaka anahema harakaharaka kupitia puani, unyevu unakauka na kuipoza ile damu. Damu iliyopoa inapita chini ya ubongo, pale ambapo damu ya moto kutoka moyoni imegawanyika kwenye wavu wa mishipa myembamba, na kuipunguzia joto kabla haijaingia kichwani. Mwili unaweza kupanda joto, ubongo ukabaki salama. Wala hasubiri maji ya kunywa. Anayapata kwenye majani, matunda na umande, mkojo wake ni mzito, kinyesi ni kikavu, na saa za jua kali yuko kivulini.

Kitu kingine cha kutazama ni jicho. Mbele ya jicho kuna tezi nyeusi. Anainama, anaingiza ncha ya kijiti kwenye ile tezi taratibu bila kujichoma, anaacha tone jeusi la kunata. Hapo kaandika hati ya kiwanja. Yeye na mwenzake wanakaa eneo hilohilo maisha yao yote, ndiyo maana wanakijua kila kichaka chenye kivuli na kila mti unaochipua mapema.

Dubu mweupe ana shida ya kinyume. Chini ya manyoya ngozi yake ni nyeusi, chini ya ngozi kuna mafuta yanayoweza kufika unene wa sentimita 10, na joto likishaingia halitoki. Akikimbia sana anachemka mwenyewe palepale kwenye barafu.

Shusheni nondo. Dodoma, Singida, Manyoni, Kondoa: mnyama wenu nani, na anaishije?

Dereva wa Itigi

Nimevuta kigoda. Lete nyama mkuu, nyingine nitaongezea nikifika kituo.

Jabali la Kondoa

Kwetu huku kwenye mawe yupo kobe bapa. Kobe mnayemzoea ukimgusa anaingiza kichwa na miguu, anakusubiri uchoke. Huyu hana subira hiyo. Anakimbia, na nikisema anakimbia namaanisha mbio kweli, mpaka kwenye ufa wa mwamba, anajichomeka ndani na kujikaza kwa miguu na kucha. Humtoi kwa mkono.

Siri iko kwenye gamba. Unene wa mwili mzima ni sentimita chache tu, na mifupa ya gamba ni myembamba yenye mianya, kwa hiyo linabonyea kidogo ukilishika. Kobe mwingine angekuwa na gamba la namna hiyo fisi angemtafuna asubuhi moja. Lakini gamba zito la nini kama mwamba mzima ni gamba lako? Tena wepesi huo ndio unaompandisha mawe ambayo kobe wa kawaida hapandi.

Sasa sikia upande wa pili. Anataga yai moja moja, na anaishi kwenye miamba yenye nyufa za saizi yake tu, Kenya, Tanzania na kipande kidogo cha Zambia. Wafugaji wa wanyama wa ajabuajabu huko ughaibuni walimpenda mno, wakamataji wakawa wanapasua nyufa kwa mitaimbo ili wamtoe. Mwaka 2019 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulimpandisha daraja la juu kabisa la ulinzi, biashara ya kimataifa ya kobe wa porini ikafungwa. Ila jiwe lililopasuliwa halijiungi tena. Na hatujazungumzia kokoto za kujengea mji unaokua huu.

Kijana wa Ng'hong'hona

Naunga mkono hoja. Na pimbi msimsahau, anaishi mawe hayohayo. Nyayo zake zina unyevunyevu wa jasho ndiyo maana hatelezi kwenye jiwe lililosimama. Asubuhi utamkuta amelala juani na ukoo mzima, kwa sababu mwili wake haujui sana kudhibiti joto wenyewe, anaanza siku kwa kuota jua. Ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva, amini usiamini.

Kuna jambo zuri pia la masikio ya mbweha. Yule wa Sahara, mdogo kuliko paka, ana masikio makubwa mno ambayo damu inapita karibu na ngozi na kutoa joto nje. Yule wa Aktiki masikio ni mafupi, ya mviringo, yamezama kwenye manyoya, ili joto lisivuje. Na sisi hapa kati tuna mbweha masikio, kwa hiyo naye anapoza joto kwa njia ileile.

Dereva wa Itigi

Hapo kwa mbweha masikio nikusahihishe kidogo, mdogo wangu. Huyo masikio yake kazi kubwa ni kusikiliza mchwa. Usiku ukimmulika kwa mbali utaona kichwa kimeinama, masikio yameelekea chini, ametulia kabisa, halafu ghafla anachimba. Kama yanampoza na joto, hiyo ni faida ya ziada.

Sasa niwape ya tembo. Mto Ruaha Mkuu, tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka ndani ya Hifadhi ya Ruaha kila kiangazi kwa sababu ya maji kutumika sana huko juu. Mito midogo inayoingia humo nayo inabaki mchanga mtupu. Tembo anafika katikati ya mchanga, ananusa, anaanza kuchimba kwa mguu wa mbele na mkonga mpaka maji yachuruzike chini. Anasubiri yatulie, anakunywa ya juu yaliyo safi, hata kama kuna dimbwi la maji machafu hatua chache pembeni. Akiondoka, nyani, kanga, ngiri na wengineo wanapanga foleni kwenye kisima chake. Akina mama wa vijijini kwetu wanafanya hivyohivyo kwenye makorongo.

Na kuna ndege wanaitwa firigogo, wanafanana na njiwa, wa ardhi kavu. Dume anaruka mbali mpaka kwenye maji, anazamisha tumbo. Manyoya yake ya tumboni yana nyuzi zilizojikunja zinazokamata maji. Anarudi kwa makinda, yanamnyonya tumboni. Manyoya ya dume tu ndiyo mahiri kwa kazi hiyo.

Mama Chilonwa

Wanangu uzi mzuri. Nina swali na msinicheke. Kiangazi chote kuna chura amejibandika kwenye nguzo ya banda langu la kuku, juani, rangi ya chokaa. Hali, hanywi, hatikisiki. Vijana wanataka kumchoma moto, wanasema kuna mtu kamtuma.

Mwalimu wa Bahi

Shikamoo mama. Hajatumwa na mtu, waambie wamwache.

Chura wengi ngozi yao inapitisha maji, ukiwaanika juani hawamalizi siku. Huyo wako ni wa kundi la vyura wajenga povu na amejitengenezea njia nyingine. Ngozi yake inabana maji karibu kama ya mjusi. Anageuka mweupe ili mwanga umrudie mwenyewe jua. Ukimtazama kwa makini utaona amekunja miguu yote chini ya tumbo, vidole vimefichwa, ili sehemu ndogo tu ya mwili ikutane na hewa kavu. Halafu kuna suala la mkojo. Vyura wenzake wanapoteza maji mengi kutoa taka mwilini, yeye anaitoa taka hiyo ikiwa uji mzito mweupe wa asidi ya yuriki, ileile nyeupe unayoifagia kwenye banda lako la kuku.

Mvua zikianza atashuka. Mtakuta povu jeupe limening'inia kwenye tawi juu ya dimbwi. Jike ndiye hulipiga kwa miguu ya nyuma mpaka liumuke, mayai yakiwa ndani. Juu ya povu panakauka, ndani panabaki unyevu, na baada ya siku chache viluwiluwi vinadondoka majini. Samaki na wadudu wa majini hawakuyapata mayai.

Huku Bahi nasi tuna kambale. Juu ya matamvua ana kiungo cha kuvutia hewa ya kawaida, kwa hiyo dimbwi likibaki tope bado anapumua. Usiku wa mvua anajiburuza kwenye majani mabichi kwa mapezi ya kifuani kwenda dimbwi jingine. Watoto wanaokwenda kuwakamata njiani hawahitaji nyavu, kapu tu. Na kwenye madimbwi ya msimu ya nchi hii kuna visamaki vya rangi nzuri sana vinavyokufa vyote maji yakikauka. Mayai yake yanabaki kwenye tope kavu, ukuaji umesimama, yakisubiri mvua ijayo. Wa jamii hiyo waliopimwa kule Msumbiji walianza kutaga wakiwa na umri wa wiki mbili tu tangu kuanguliwa. Wana haraka, maji hayawasubiri.

Niunganishe na huko baridini. Alaska kuna chura wa msituni ambaye kipupwe kinamkuta chini ya majani makavu na anaganda kweli. Theluthi mbili ya maji ya mwili wake inakuwa barafu, moyo unasimama. Ini lake linamwaga sukari nyingi kwenye damu, sukari hiyo inazuia barafu isiingie ndani ya seli na kuzipasua. Joto likirudi anayeyuka, moyo unaanza kupiga, anaruka zake. Huyo wa Mama Chilonwa anavuka kiangazi, yule anavuka barafu. Wote mbinu ni kusimamisha shughuli mpaka msimu ugeuke.

Mama Chilonwa

Asante mwalimu. Nimewasomea, wamenyamaza. Mmoja anauliza kama anaweza kumhamishia kivulini.

Mwalimu wa Bahi

Amwache alipo mama, pale kapachagua mwenyewe.

Mtu wa Pwani

Nawasoma kutoka Tanga. Ila naona baadhi yenu mnaanza kulia: mji unakua, kokoto, mito inakauka. Mbona mnajipinga? Kama mnyama ana uwezo wote huo si atazoea tu? Kunguru weusi waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kutoka Bara Hindi, leo wanaishi kwa majalala yetu na hakuna wa kuwatoa. Harar kule Ethiopia fisi wanaingia mjini usiku wanalishwa kwa mkono. Asili inajua kujipanga. Mwili wa mnyama unabadilika kufuata mazingira, tuache woga.

Kuni za Mpwapwa

Mkuu mifano yako ni ya kweli na imenifurahisha. Lakini hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayopotosha watu wengi, tuikalie kidogo.

Mwili wa mnyama mmoja haubadiliki hivyo. Digidigi hakuona ukame akaamua kurefusha pua. Kizazi baada ya kizazi, waliozaliwa na pua inayopoza vizuri zaidi waliishi wakazaa, wengine walikufa kabla ya kuzaa. Tunachokiita kuendana na mazingira ni hesabu ya vifo vya zamani sana. Inapokuja kasi, inakuja kwa bei hiyohiyo.

Tazama hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipiganwa kuanzia 1977 hadi 1992, na zaidi ya asilimia 90 ya tembo wa pale waliuawa, pembe zikauzwa. Kabla ya vita, majike wasio na pembe walikuwa chini ya mmoja kwa kila watano. Baada ya vita ilikuwa karibu nusu. Majike wale walizaliwa bila pembe, wawindaji wakawaruka, wakabaki wao kuzaa. Utafiti uliotoka mwaka 2021 ulionyesha kwamba vinasaba vinavyoondoa pembe vinarithiwa kupitia kromosomu ya X (jike anazo mbili, dume moja tu) na vinaelekea kuua watoto wa kiume kabla hawajazaliwa. Kwa hiyo ndiyo, wamezoea bunduki. Gharama ni maelfu waliolala chini, madume wasiozaliwa, na tembo asiye na chombo cha kubandulia magome ya mbuyu kiangazini. Ukiniambia "watazoea", nitakuuliza wangapi watabaki wakishazoea.

Mhehe Halisi

Umenikumbusha chura wa Kihansi. Hii kila Mtanzania angepaswa kuijua.

Chini ya maporomoko ya mto Kihansi, upande wa milima ya Udzungwa, palikuwa na eneo la hekta chache lililolowana saa 24 kwa mvuke wa maji yanayoanguka. Mwaka 1996 watafiti wakakuta humo kachura ka njano, kanakaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Hakatagi mayai, kanazaa vitoto vyenye miguu kamili. Hakapatikani kwingine popote duniani. Palepale likajengwa bwawa la umeme, megawati 180, nchi ilikuwa gizani na umeme ulihitajika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 maji ya maporomoko yalipungua kwa asilimia 90 hivi, mvuke ukakatika. Wakaweka mabomba ya kunyunyiza maji, chura wakaanza kurudi, kisha wakaporomoka ghafla. Ugonjwa wa kuvu unaoua vyura duniani kote ulikutwa kwao. Mwaka 2009 wakatangazwa kwamba porini hawapo tena.

Bahati ni kwamba mwishoni mwa mwaka 2000 walichukuliwa 499 wakapelekwa Marekani kufugwa. Vizazi vya hao ndio waliorudishwa Kihansi kuanzia 2012, chini ya mabomba ya kunyunyiza.

Mtu wa Pwani, huyu chura hakuwa dhaifu. Kwa makazi yake alikuwa amekamilika kuliko mnyama yeyote mliyemtaja humu. Ila alikamilika kwa ajili ya mvuke ule, na mvuke ulizimwa ndani ya muda mfupi.

Mtu wa Pwani

Nondo nzito, nakubali kwa chura. Bado nasema wapo wanaopita popote.

Jabali la Kondoa

Wapo, na ukiwatazama utaona wanafanana tabia: wanakula chochote, wanazaa haraka au wanasafiri. Fisi, kunguru, panya, nyani. Mwenye chakula kimoja au makao ya aina moja ndiye anayeumia. Muhanga, kwa mfano, anakula mchwa na sisimizi tu. Kalahari ulipopiga ukame wa 2012 na 2013, muhanga waliokuwa wakifuatiliwa na watafiti walianza kutoka mchana wakitafuta chakula, joto la miili likashuka usiku kwa kukosa nguvu, na karibu wote walikufa. Jua halikuwaua moja kwa moja, mchwa ndio walikosekana. Na muhanga akiondoka, ngiri na wengine wanaolala kwenye mashimo aliyochimba nao wanakosa nyumba.

Bwana Uwele

Mmezunguka dunia nzima mkamwacha mnyama anayelijua eneo letu kuliko wote. Kwelea kwelea.

Mimi ni mkulima, nampiga vita kila msimu, lakini sifa yake nitampa. Inakadiriwa wako zaidi ya bilioni moja Afrika, hakuna ndege wa porini anayewafikia kwa wingi. Chakula chake ni mbegu za nyasi. Sasa fikirini: kiangazi mbegu zimejaa ardhini, anaokota tu. Mvua ya kwanza ikinyesha, mbegu zote zinachipua ndani ya siku chache. Sisi tunashangilia mvua, yeye ghala limefungwa ghafla. Kwa hiyo anachofanya ni kujinenepesha, kisha anaruka kinyume na mvua, juu ya eneo lote linalonyesha, mpaka upande wa pili ambako mvua ilianza wiki nyingi nyuma na nyasi zimeshazaa mbegu mpya. Baadaye anarudi akiifuata mvua kwa nyuma, kila anapokuta nyasi zimekomaa anatulia na kuzaa. Viota maelfu kwa maelfu kwenye miiba ya migunga, mayai yanaanguliwa kwa siku 10 hadi 12, makinda yanaacha kiota yakiwa na wiki mbili hivi. Akimaliza anahamia mbele na anaweza kuzaa tena msimu huohuo sehemu nyingine.

Ndege mmoja anakula gramu 10 hivi kwa siku. Piga hesabu: kundi la ndege milioni moja ni tani 10 kila siku. Wakiwa hawana mbegu za nyasi wanakuja kwenye mtama na uwele wangu, na mimi niko juu ya dungu naamia kwa kombeo na debe toka alfajiri.

Hoja yangu kwa Mtu wa Pwani: huyu unayeweza kusema anapita popote, makazi yake ni mvua yenyewe. Hana pori la kudumu. Ndiyo maana ndege za serikali zinapuliza sumu, wanakufa mamilioni, na mwaka unaofuata wapo.

Kijana wa Ng'hong'hona

Bwana Uwele umemaliza kila kitu. Hiyo ya kuruka kinyume na mvua sijawahi kuisikia darasani.

Mtu wa Pwani

Mkuu shikamoo kwa heshima. Sasa niulize la kikulima, maana mjomba wangu ana shamba Manyoni: kuna mbegu ambayo kwelea haigusi?

Bwana Uwele

Marahaba. Ya kutoigusa kabisa hakuna. Mtama mwekundu una uchungu wa tanini, wanauruka wakiona kuna mweupe jirani. Ukibaki peke yake nao wanaula. Kwa hiyo mwambie mjomba apande mwekundu, na asimwambie jirani.